Kisu Kipya cha Mtani Kondo

Baba Mwajuma,

Amani iwe nawe huko ulikotutangulia. Leo ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na mlima wote haupo. Unajua siku kama hizi zinavyokuwa hapa Bigwa: unasikia maji ya kijito lakini huwezi kusema yako upande gani, na jogoo akiwika unadhani yumo ndani ya nyumba. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, shali mabegani, na nimekuwa nikikusemesha tangu nilipoamka. Binti yetu amenichungulia dirishani akasema, "Mama, si umwandikie tu? Koo litakukauka." Ndiyo nikachukua kalamu.

Nianze na habari nzito. Mchungwa wetu unakufa.

Ulianza kuugua wewe ungali nasi. Uliiona ile gundi ya rangi ya asali ikichuruzika kwenye shina, ukaigusa, ukainusa, ukanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Tulikuwa tumeshazoea kunyamazia mambo mawili kwa pamoja, ugonjwa wako na wa mti. Baada ya mazishi gome la chini lilianza kubanduka vipande vipande, na majani ya upande wa jiko yakageuka manjano. Yule fundi wa miche wa Mlali alipokuja kunipa pole aliuzunguka mti, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaniambia taratibu, kama anayetoa tanzia nyingine, "Mwalimu, hapa kilichobaki ni kuni. Kateni mapema, ugonjwa usihamie kwa mingine."

Alisema kweli. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa watu maneno hayo hayo. Lakini yeye hakujua, na sikuwa na nguvu ya kumweleza, kwamba mti uliouzaa huu ulisimama uani kwa mama yako kule Kinole, na kwamba uliondolewa zamani njia ilipopanuliwa. Hakujua kwamba tulishuka na vijitawi vyake tukiwa bado maharusi, tumevifungia ndani ya ganda la mgomba, juu yake kanga yangu iliyoloweshwa maji, na wewe ukinikataza nisiibebe kichwani, ati jua litavipika. Chungwa lile halipo tena kwingine ninakokujua. Ningeweza kupanda mbegu, ni kweli, ila mti wa mbegu hukaa miaka mingi ukiota miiba kabla haujafikiria kuzaa, na mimi miaka mingi sina aliyeniahidi.

Kwa hiyo lilibaki jambo moja: kuchukua macho, vile vichipukizi vya kwenye gome, kutoka matawi ya juu, upande wa mashariki, ambako ugonjwa ulikuwa haujafika, na kuyabandika kwenye ile milimau midogo uliyoiotesha kwenye mifuko kando ya tangi. Imefikia unene wa penseli. Kana kwamba ulijua.

Ila wewe ndiye uliyekuwa ukikata. Mimi nilikuwa nikifunga. Miaka yote ile, wewe na kisu, mimi na vipande vya plastiki, na maneno yako yaleyale: "Funga, Mwalimu, kabla hakijajua kimekatwa." Wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza, nilipomaliza kuchora shina na jicho ubaoni kwa chaki za rangi, kama nimewahi kubebesha mti kwa mkono wangu. Nikawajibu, "Nimefunga." Walicheka mpaka kengele.

Na kisu chako hakipo. Hilo nalo nikueleze, maana hukuliona, ingawa siku ile nilikuwa na hakika unaliona.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mzee Kondo, yule mtani wa ukoo wenu ambaye hamkupitisha siku bila kutukanana, alitokea ndani amevaa koti lako na kofia yako. Akatembea kwa kuchechemea kama wewe. Akasimama mbele yangu, nimezungukwa na wanawake wanaolia, akafoka kwa sauti yako hasa: "Mwalimu! Chai iko wapi, au unaisahihisha kwanza?" Baba Mwajuma, nilicheka. Nilicheka na machozi yakaruka, na kila mtu akacheka, na shangazi yako akamrushia ndala. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kisu. "Koti nawaachia, limejaa viraka. Hiki nakwenda nacho. Nani ananiuliza?" Hakuna aliyemuuliza. Alichokichukua mtani msibani hakidaiwi. Ndiyo heshima yenyewe. Nilikiona kikiingia mfukoni mwake, kikiwa kimefunguliwa na kufungwa mara moja, laini, kama mtu anayepepesa jicho.

Baada ya arobaini akaja na kingine. Kipya, cha kukunja, mpini mwekundu, kimefungwa kwenye gazeti. Alikaa barazani, mimi ndani, akapaza sauti kupitia pazia: "Nimekuletea bwana mpya, Mwalimu. Mwembamba, anang'aa, hakoromi." Nikamwambia, "Eda yenyewe sijaimaliza, mwanaharamu wewe." Akasema, "Ndiyo maana nimeleta wa chuma."

Kisu kile hakikufunguka.

Usinicheke. Nilitia kucha kwenye kile kijibonde cha ubavuni, nikavuta, kucha ikavunjika. Nikatia ya mkono mwingine. Vidole vyangu unavijua, siku hizi hata kizibo cha chupa kinanisumbua. Mwajuma alijaribu, akakifungua kwa kuking'ang'ania na koleo, na kilipojirudi kilifyatuka kikamkata kidole. Ndipo ugomvi ulipoanza. Alikificha. Akaniambia, "Mama, wembe upo. Au mwite fundi akate yeye. Mpaka utoke damu ndipo uamini baba amekufa?"

Alilia baada ya kusema hivyo. Nilikwenda kulala mchana kweupe, na nikakuota. Ulikuwa umekaa juu ya tangi, unamenya chungwa, na ganda halikatiki. Linashuka, linajikunja, linapita ua, linaingia kwenye njia ya mlimani, nami nalifuata huku nikiona viatu vyangu vimelowa umande. Ukanikatia kipande. Nikala. Hakikuwa na ladha yoyote. Nilikutazama nikuulize, na wewe ulikuwa umeshageuka kusikiliza kitu kingine.

Niliamka nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ya mazishi. Nilikwenda nikamwambia mwanao ukweli, kwamba si damu ninayoitafuta. Kwamba nikiuacha mti ule uende na ladha yake, siku moja nitasema "baba yako alikuwa hivi na hivi" na sitakuwa na cha kumwonjesha. Kisha akakitoa kisu chini ya gunia la mpunga, ule wa Dakawa aliotuletea dada yako, akakiweka mapajani mwangu kikiwa kimefungwa.

Basi sikiliza nilivyofanya. Wewe ungenisikiliza mpaka mwisho. Wengine huondoka katikati.

Kisu cha kukunja kina ulimi wa chuma mgongoni, ndani ya mpini. Ulimi huo ndio unaokibana kisigino cha bapa lake, ili kisijifungue mfukoni wala kisijikunje ukiwa unakata. Kikiwa kipya, ulimi ni mkali, na vyuma havijasuguana. Kila kimoja bado kina vijimeno vidogo visivyoonekana. Tena kimepakwa grisi nzito ili kisishike kutu dukani, na grisi ikakusanya vumbi la sokoni. Kwa hiyo ugumu wake si ubaya. Ni ugeni.

Kondo hakutaka kusikia sayansi. Alikuja siku moja nilipokuwa nimekiacha barazani, akakishindilia samli. "Huyu ni mwali," akasema, "hajachezwa bado. Mwali hupakwa mafuta, haulizwi maswali." Kesho yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka ndani ya mpini, wanaingia na kutoka kama wageni wa harusi. Nilipomlaumu akasema alete nyundo, apige pini ya kiungo kidogo, italegea. Nikamkatalia kabisa. Pini ikilegea, kisu kinacheza, na kisu kinachocheza huacha vidaraja kama vya ngazi kwenye ngozi ya mti. Jicho haliwezi kulala juu ya vidaraja. Na wembe anaoutaka Mwajuma ni mkali, sikatai, lakini hupinda. Mkato mmoja ulionyooka hutaka bapa lisiloyumba.

Nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka sisimizi wa mwisho akatoka. Nikakianika. Kikishakauka nikakitia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, tone moja tu, kisha nikatia ukingo wa sarafu kwenye kijibonde badala ya kucha, mpini umelala mezani, vidole vyote mbali na njia ya bapa. Kikafunguka nusu. Nikakifunga kwa kiganja, polepole. Nikafungua tena. Weusi ukatoka, mwembamba kama wanja. Ule weusi ni chuma kinachosagana, ni vile vijimeno vinakubali kuondoka. Nikafuta kwa kitambaa. Tone jingine.

Hivyo ndivyo nilivyokaa eda, Baba Mwajuma. Wanawake walikuja kunisomea dua, wakanikuta nafungua na kufunga. Mchana ulipita juu ya bati, jua likahama kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo, na mimi nilikuwa sipo kabisa. Nilikuwa Kinole. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, kanga inanitiririkia maji mgongoni, nawe umeinama na kisu mdomoni kwa sababu mikono yote miwili imeshika tawi. Nilikuwa naona hata kovu la nyuma ya sikio lako. Nikishtuka, kisu kimefunguka mkononi na sikumbuki nilikifungua saa ngapi, wala kwa sarafu au kwa kidole.

Hapo nikajua kimekubali.

Nilijifunzia kwenye vijiti vya mpera. Nilikata vibaya mno. Ungetoka ukaenda kutembea. Nilikuwa nakata kwa kidole, kwa woga, nikisimama katikati ya safari. Mpaka siku nilipojiona nimeacha kuutazama mkono wangu, na mkato ukaja mrefu, safi, kutoka begani.

Milimau niliimwagilia kila jioni, maana msimu huu ni mkavu na gome la mti wenye kiu haliachani na mwili wake. Kisha, asubuhi moja ya baridi, Mwajuma alipanda ngazi akashusha vijitawi vya mashariki. Nilichora ile herufi ya T kwenye gome la mlimau, nikaliinua kwa mgongo wa kisu, chini yake pakawa pabichi, pa kijani, panang'aa kama ndani ya mdomo wa mtoto. Nikalikata jicho. Nikalitelezesha mahali pake. Kisu hakikuyumba. Na nilipogeuka kutafuta plastiki, ilikuwa tayari mikononi mwa binti yako. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Funga, mama, kabla hakijajua kimekatwa." Alinitazama sana. Kisha akafunga.

Juzi eda imekwisha. Jana tumefungua plastiki.

Macho mengi yamekuwa meusi. Nakwambia bila kuficha, kwa kuwa wewe hukupenda mtu apambiwe matokeo. Nilipoyagusa, vikonyo vyake vya majani vilibaki vimeng'ang'ania, vimekauka, na mti wa limau umeyatapika. Nilifungua moja baada ya jingine, na Mwajuma akawa hanitazami usoni. Halafu, karibu na mwisho, kikonyo kikadondoka chenyewe nilipokigusa, na chini yake jicho lilikuwa la kijani, limevimba. Na mfuko wa jirani yake, vilevile. Mawili. Tuliyatazama kwa muda mrefu, magoti yetu yamo matopeni. Kondo aliyekuwa ng'ambo ya ua akauliza, "Kuna nini huko, mmeona pesa?" Akaja mwenyewe, akainama, akavua kofia.

Nakuahidi haya. Mmoja utapandwa hapa, lakini si kwenye shimo lile lile. Udongo wake una ugonjwa na nitaupumzisha. Wa pili utapanda mlima mvua za vuli zikitulia. Mpwa wako wa Kinole ameshasafisha mahali, nami nitakwenda nao mwenyewe, hata ikibidi nipumzike kila kona. Na ukizaa, iwe nipo au sipo, Mwajuma anajua kukata na anajua kufunga. Nimemfundisha yote mawili.

Kinachobaki ni mti mkubwa. Nimewakatalia wote walioniambia niukate, na kila mmoja alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Sasa nimekubali. Kesho asubuhi Kondo anakuja na shoka. Makaburini si mbali, na mshindo wa shoka hufika. Ukiusikia usishtuke, mume wangu. Ni sisi. Mimi ndiye niliyewaambia waanze.

Mkeo,
Mama Mwajuma