Vitambaa Vyekundu vya Mbebe

Jumatatu, 7 Aprili

Tunduma. Habari ya foleni ya malori imetumwa kabla ya saa nne. Ya tatu mwezi huu, maneno yale yale. Mhariri anataka kitu kingine kwa redio: chikanda. Ni viazi vidogo vya mmea wa porini. Wazambia huvitwanga na karanga, wakapika kitu kinachokatwa vipande kama mkate. Sokoni vinauzwa kwa mabeseni. Nimeuliza vinatoka wapi. Kila mchuuzi ameonyesha upande wake.

Alhamisi, 10 Aprili

Mbebe, Ileje. Baridi. Ukungu hadi saa tano. Nimepanda hadi msitu wa kijiji na Mama Atupele, mjane, mchimbaji wa siku nyingi. Shamba lake ni kipande cha mteremko. Mahindi yake huisha Januari. Kutoka hapo ni chikanda hadi mavuno.

Zamani walichimba popote. Sasa kuna makubaliano. Wanawake wanachimba ukingoni. Mimea ya mbegu, iliyo kwenye uwazi wenye majimaji katikati ya msitu, haiguswi. Ikiguswa, msitu unafungwa kwa wote. Mwalimu Kibona, mstaafu anayeongoza kamati ya msitu, amefunga kitambaa chekundu kwenye kila mmea wa mbegu. Huku kilichofungwa kitambaa kina mwenyewe, iwe ni mzigo wa kuni au mzinga wa nyuki. Mtu anapita pembeni, basi.

Nimejaribu jembe. Mama Atupele ameniambia nachimba kama nguruwe, ila nguruwe hajishiki kiuno.

Jumatano, 16 Aprili

Kipindi kimerushwa. Dakika saba. Vitambaa nimevieleza vizuri, na mahali vilipo. Mhariri anasema hapo ndipo habari ilipokaa. Nimekubaliana naye.

Jumamosi, 31 Mei

Mwalimu Kibona amepiga simu. Mimea ya mbegu imechimbwa. Yote.

Jumatatu, 2 Juni

Nimepanda tena hadi msituni. Majani yamekwisha kunyauka. Kwa macho ya mgeni pale ni nyasi tu. Bila vitambaa asingejua pa kuanzia. Kila kitambaa kina shimo lake. Mashimo ya haraka, udongo haukurudishwa. Watu wa Mbebe hurudisha udongo.

Mwalimu ameokota vitambaa kimoja kimoja na kuvitia mfukoni. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Jumanne, 3 Juni

Tunduma. Nimemuuliza mnunuzi mmoja wa chikanda, anayetuma vijana kuchimba, walijuaje mahali. Amecheka.

"Si wewe uliyetangaza, kaka? Fuata nyekundu."

Hakukana kitu. Hakuona sababu ya kukana.

Kosa ni langu. Kamati iliweka alama kwa watu wanaoijua. Mimi niliipeleka kwa wasioijua.

Alhamisi, 5 Juni

Mkutano wa kijiji. Msitu umefungwa, ukingo pia, hadi mimea irudi. Itachukua miaka, hakuna aliyetaja mingapi. Nilisimama nikasema nilichofanya. Walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru kwa kuja. Sijawahi kushukuriwa vibaya hivyo.

Kisha kura. Nilitarajia wanawake wapinge. Mama Atupele alinyoosha mkono kukubali, wengine wakamfuata. Halafu akaomba kusema.

"Kufunga ni sawa. Sasa andikeni na hili: Januari tutakula nini."

Katibu akaandika. Ajenda iliyofuata ilikuwa paa la zahanati.

Jumatano, 11 Juni

Nimepeleka habari ya pili: kufungwa kwa msitu, na sehemu yangu. Jina la kijiji sikulitaja. Mhariri ameikata ikabaki dakika moja. Sehemu yangu ndiyo iliyokatwa. Nimebishana, nimeshindwa.

Jumamosi, 21 Juni

Iyula, Mbozi. Nilikuja kwa ajili ya msimu wa kahawa. Kwenye shamba la mtu nimemkuta Mama Atupele akichuma, kibarua, gunia limefungwa kiunoni. Nimempa shikamoo, ameitikia. Ameuliza kama nimekuja na redio. Nimesema niko peke yangu.

"Basi chuma."

Amenisogezea ndoo. Tumemaliza mistari miwili, buni zilizoiva tu. Msitu hakuutaja. Vidole vyake ni vyepesi. Nilibaki nyuma mara kwa mara, naye alisubiri bila kugeuka.

Saa kumi gari la vibarua likaja. Akamwaga kahawa yangu juu ya yake, ikapimwa yote kwa jina lake, akapanda.