Aliyeunguza Redio ya Koko ni Mimi

Fundi wangu,

Ni mimi, Nekesa. Leo sijafungua kibanda. Nimekaa ndani, mlango nimeurudisha, na wateja wakibisha ninanyamaza kama mtoto aliyevunja kikombe. Nataka kukuambia jambo ambalo wewe ulilijua, nami nilijua kwamba unalijua, na bado tulikaa meza moja mwaka mzima bila kulitaja. Redio ya Koko Noonkishu niliiunguza mimi.

Umeona? Sentensi moja fupi. Ulipokuwa hai ingenichukua pumzi moja tu.

Habari za huku kwanza. Ni miezi minne tangu tukuzike nyumbani kwako Mashuuru. Upepo wa Kitengela uling'oa lile bati la kona ulilokuwa ukisema utalipigilia kesho. Nimelipigilia. Jirani yetu wa mitumba bado ananadi kwa pua. Sina mtu wa kunitania asubuhi kwamba Waluhya tunapenda kuku kupita kiasi, wa kuniuliza, "Mluhya wangu, kuku leo analala njaa ama wewe?" na mimi kukujibu kwamba Mmaasai akiogopa ng'ombe ndipo huwa fundi wa simu. Ulicheka kila mara kama ni mara ya kwanza. Mke wako, Mama Sanaipei, alinipa kibanda na vifaa vyako vyote, hata miwani. Alinishika mkono akasema, "Mzee alisema wewe uko na mkono safi. Kaa hapo, ufanye kazi." Nikasema asante, mama. Fundi, nilisema asante!

Wacha niieleze siku ile vizuri, maana sijawahi kuieleza hata moyoni mwangu bila kuipunguza. Koko, kama mnavyomwita kila bibi kwenu, alikuja kutoka Mashuuru na kile kidude chake cha kusikilizia nyimbo, kidogo kama kiberiti, ambacho yeye alikiita redio ingawa hakikushika stesheni yoyote. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kwaya ya akina mama wa kanisa lenu, za Kimaasai, yeye mwenyewe akiongoza. Mjukuu wake ndiye aliyewarekodi, kabla Koko hajapasuliwa koo. Tangu apasuliwe sauti yake imebaki mkwaruzo. Nyimbo zile hazikuwa mahali pengine popote duniani, na alitueleza hivyo, akikishika kidude kwa mikono miwili. Kilichohitajika ni betri tu. Ya zamani ilikuwa imevimba kama andazi na kusukuma kifuniko. Ulinipa mimi kazi ile, ukaenda kunywa chai, na kabla ya kutoka ukasema lile ulilolisema kila siku: "Pima kwanza. Usiamini rangi."

Betri ya zamani niliitoa vizuri. Niliipasha gundi joto, nikaibandua polepole kwa kipande cha plastiki bila kuitoboa, na hapo nilikuwa na majivuno kidogo. Betri mpya ilikuwa na waya mbili, nyekundu na nyeusi, na hata mtoto anajua nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Mita ya kupimia umeme ilikuwa mkono wangu wa kushoto, sikuhitaji hata kuinuka. Lakini simu yangu ilikuwa inaingiza meseji. Kuna mtu alikuwa akinibembeleza siku zile, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Nikachomelea nyekundu mahali pa nyekundu. Waya zile zilikuwa zimegeuzwa huko zilikotengenezwa. Moshi ulikuwa mwembamba, na ile harufu unaijua.

Nikakifunga. Nikakipangusa kwa kitambaa, Fundi, nikakipangusa kikang'aa! Uliporudi nikakuambia, "Hii imekataa kuwaka, Mzee. Labda ilikuwa imekufa kitambo." Ukaifungua. Ukanusa. Ukaniangalia kwa muda wa kumtosha mtu kusema neno. Sikulisema. Ukaifunga tena, ukaenda kunawa mikono.

Koko alipokuja kesho yake, ulisimama kabla sijainua uso. "Ni mimi, mama," ukamwambia. "Mkono wangu umezeeka." Alikufokea kwa ile sauti iliyobaki, na mtu anayefoka bila sauti anatisha kuliko mwenye sauti. "Uko na mkono ama uko na jembe? Umeua kwaya yangu!" Wauza mitumba wakaacha kunadi. Ulimpa kidude kingine kipya, akakisukuma, akaacha vyote viwili mezani akaenda zake. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeinama, najifanya natafuta skrubu. Hakuna skrubu iliyokuwa imeanguka.

Nilingoja unigombeze. Siku ile, wiki ile, mwezi ule. Ungenigombeza ningelia, ningeomba msamaha, tungemaliza. Hukunigombeza, na siku nyingine nilikukasirikia kwa huo wema wako, jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilijiambia umesahau. Kisha nikajiambia watu wamesahau. Kisha ukaugua, na mgonjwa hapelekewi maneno mazito, basi nikapata sababu nyingine ya kunyamaza, tena sababu nzuri, yenye adabu.

Siku ya mazishi Koko aliomba kusema. Mwendesha shughuli alimsogezea maiki ya kanisa mdomoni kabisa ili asikike. "Huyu alikuwa mtu mzuri," akasema, "lakini redio yangu aliua." Watu wakacheka. Unajua watu wakipata nafasi ya kucheka matangani hawaiachi. Kisha akasema, "Leo nimemsamehe." Hema lote likapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi. Nilikaa mstari wa pili, karibu na binti zako, nikapiga makofi wewe ukisamehewa kosa langu.

Ningenyamaza hadi leo, sitajisifu. Lakini wiki iliyopita mwalimu mmoja aliniletea kidude kama kile cha Koko, betri imekufa. Nilikifungua polepole. Nikaipima betri mpya kabla ya kuigusisha mahali popote. Mita ikaonyesha alama ya kutoa. Waya zimegeuzwa, tena! Nikazihamisha, nikachomelea, nikafunga, nikabonyeza, kikaimba. Kazi ya robo saa. Mwalimu alifurahi, akaniambia, "Afadhali nimepata wewe. Nasikia yule mzee wako alikuwa anachoma vitu za watu."

Nilipokea pesa yake. Ulikaa kwenye kibanda hiki tangu Kitengela ikiwa na maduka ya kuhesabika, ukafufua simu za nusu ya mji huu, na hilo ndilo lililobaki mdomoni mwa mtu ambaye hata hakukujua. Nikafunga mapema. Alhamisi nikaenda Mashuuru.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Sijui ni nani aliyeipima, maana yangu nimeitembea mwaka na zaidi. Nilimkuta Koko nje ya nyumba yake akitunga shanga. Niliinamisha kichwa kama ulivyonifundisha kuwasalimu wazee wenu, akanigusa utosini, akaagiza chai. Nilimwambia kabla chai haijafika, kwa kuogopa kwamba nikishainywa nitashindwa. Nilisema yote, hata habari ya meseji.

Hakufoka. Heri angefoka. Aliweka shanga chini. Ndipo aliponiambia jambo ambalo wewe hukuniambia kamwe: kwamba tangu siku ile, kila Jumapili ulimnyooshea mkono mlangoni mwa kanisa, na kila Jumapili aliupita kama hauoni. Mbele ya mke wako. Mbele ya wajukuu wako. Na Jumapili iliyofuata uliunyoosha tena. "Nilimnyima mkono mpaka akaenda," akasema. "Halafu nikamsamehe na maiki, na hakunikosea. Sasa mimi msamaha nitaomba nani?"

Nilidhani nimekwenda kuutua mzigo wangu, kumbe nilikwenda kumtwika bibi kizee.

Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa. Wakati wa kuondoka niliinamisha kichwa tena, nikangoja. Niliona miguu yake, viatu vyake vya matairi, shanga mbili nyekundu zilizoanguka vumbini. Mkono haukuja. Nikainua kichwa changu mwenyewe nikaondoka, na simlaumu. Nilipofika kwenye ua wa miiba aliniita kwa ule mkwaruzo: "Mimi nilisemea mbele ya watu. Wewe pia utasemea mbele ya watu."

Basi ni Jumapili hii, kanisani kwenu. Mama Sanaipei nimempigia simu leo asubuhi nikamweleza, sikutaka alisikie pamoja na wageni. Akasema, "Kuja," akakata. Neno moja tu, na nimeligeuza kila upande, sijui lina nini ndani. Funguo za kibanda nimezifunga kwenye leso. Nitamkabidhi kabla sijasimama kusema, na akitaka kunirudishia ataamua mwenyewe baada ya kusikia. Mkono safi ndio uliopewa kibanda hiki. Wangu haukuwa safi.

Kwaheri, Fundi. Pumzika. Nyimbo za Koko siwezi kumrudishia. Kile kidude nilikipeleka hadi Nairobi kwa wale wenye hadubini, wakakifungua, wakatikisa vichwa. Lakini heshima yako nakuahidi nitairudisha mbele ya watu, kwa maiki ile ile, wakiwepo waliocheka. Wakicheka tena, wanicheke mimi. Kwenu jina la aliyeondoka halitajwi hovyo, na sitalitaja. Nitataja langu, lote, pamoja na la baba yangu, ili mtu asije akadhani ni Nekesa mwingine.