Kiti cha Nyuma

Masasi,
Jumamosi jioni, Agosti

Dada yangu mpendwa, Mama Selestini,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na shemeji na wapwa zangu wote, na kwamba Selestini amekwisha pona ile homa. Sisi huku tunaendelea. Wifi yako Sijaona anakusalimu sana, anasema ule mchele wa kwenu uliisha zamani na hajauona mwingine, kwa hiyo amekukumbusha. Ni msimu wa kupulizia mikorosho, kila mtu ananuka salfa, hata padri. Vumbi la barabara ya kupanda Newala ndilo lile lile unalolijua, ukifika juu nyusi zimekuwa za mzee.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo mfukoni. Ninaandika kwa sababu kwenye simu naweza kukukwepa. Siku ile uliponipigia na kuniuliza kwa ukali kwa nini Mama hajapelekwa hospitali na gari lipo, nilikwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Kesho kutwa Christopher, yule kondakta wa basi la Songea, anaondoka, na ameniahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka niliporudi kutoka Dar na zile mashine zangu za kuuza soda na maji, watu walivyonicheka. Walisema nimeleta duka lisilo na muuzaji, na mzee mmoja pale stendi alibisha hodi mbele ya mashine akasubiri kukaribishwa. Mama mwenyewe aliniuliza kama mashine inajua kusema asante. Lakini zikazoeleka. Mtu anatumbukiza sarafu, chupa inadondoka, anakwenda zake. Moja iko stendi hapa Masasi, nyingine chuoni, mbili ziko Newala, na msimu wa minada huwa nasimamisha moja nje ya ghala la korosho. Kazi yenyewe ni kuzungukia. Ukichelewa kujaza, watu wanaipiga mateke. Mwanzoni nilikuwa nakodi magari ya watu, faida yote ikaishia kwa madereva, ndipo nikaamua kununua la kwangu.

Fundi wangu Safari, ambaye gereji yake iko nyuma ya soko, alinishauri nichukue kirikuu. Alisema iko wazi nyuma, mashine inaingia imesimama wima, vipuri vyake vinapatikana mpaka kwa wauza nyanya, na mlimani inapanda taratibu bila kulalamika. Guta tuliliondoa mapema, maana la matairi matatu lenye kreti za soda kwenye ule mlima ni kutafuta msiba. Noah nayo niliikataa kwa kuwa ni ya kubebea watu. Safari akarudi kwenye kirikuu. Akanisihi kama ndugu. Akasema, tena, kwamba siku ya shida watu sita wanakaa nyuma bila tabu.

Hapo ndipo aliponikosa, dada. Nilimfikiria Anselmo, mtoto wa mjomba, na pikapu yake. Unajua ilivyokwisha. Akifiwa mtu, pikapu ya Anselmo. Mgonjwa, pikapu ya Anselmo. Wali wakitoka jando, pikapu ya Anselmo imefungwa vitambaa, ngoma juu, vijana wanarukaruka mpaka springi zinalia. Na yeye alikuwa hajui kusema hapana, na wazee walikuwa hawajui kumwomba radhi. Gari likafia shambani, kuku wanataga ndani yake mpaka leo. Niliapa langu halitakuwa gari la ukoo.

Basi nikaenda Dar, yadi ya magari, nikarudi na ile Townace nyeupe ya boksi. Nilikueleza sababu zangu wakati ule na ukanisifu: imefungwa pande zote, soda haipigwi jua, vioo vya nyuma ni vyeusi, mwizi haoni kilichomo, mafuta inanusa tu. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilikwambia pia kwamba ndivyo ilivyotoka Japani, viti viwili mbele, nyuma bati tupu.

Siku niliyoipeleka Chilangala Mama alitoka na ile kanga yako ya harusi, ile asiyoivaa ovyo. Akalizunguka gari lote akiligonga gonga kwa vidole kama anayechagua mtungi, akaniuliza watu wanakaa wapi. Nikamwambia ni gari la kazi, Mama, trafiki hawaruhusu mtu nyuma. Akaangalia kiti cha mbele. Kwenye kiti hicho nilikuwa nimefunga kwa kamba kreti la spana na vipuri, na nikamwonyesha jinsi lilivyofungwa. Akasema ni kweli, kazi ni kazi, akaingia ndani kubadilisha kanga.

Tangu hapo nilikuwa napita njia panda ya Chilangala kila wiki, kwenda nimejaa na kurudi mtupu, na sikumchukua hata mara moja. Ndugu wengine nao waliona boksi wakakata tamaa, kama nilivyokusudia. Baada ya Pasaka nikasikia Mama anawaambia majirani kwamba yeye na magari basi, yanamchefua, hata mwanawe akimbembeleza anakataa mwenyewe. Kusema kweli nilifurahi. Niliona mzigo umejitua wenyewe. Wewe ungeshtuka mara moja, maana Mama ndiye aliyekuja Songea kwa basi ulipojifungua Selestini, akala samaki wa kukaanga njia nzima na kuwagawia abiria. Mimi pia nilikumbuka wale samaki, nikajifanya sikumbuki.

Kuhusu macho unajua nusu. Mwezi wa sita madaktari wa macho walikuja zahanati ya kijiji, na jirani yake Mwanaisha akamshika mkono akampeleka, kwa sababu alikuwa amemwona anamimina chai pembeni ya kikombe. Wakasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na lililokwisha kwa ugonjwa huo halirudi. La kulia bado lina mwanga, ila apelekwe hospitali upesi. Nilifungua kreti siku ile ile, nikasafisha kiti cha mbele, nikaenda. Mama akakataa. Mbele ya wanawake waliokuja kumpa pole, alisema yeye gari halipandi, atafia njiani kwa kutapika. Nikamwambia tupande basi, akasema basi nalo ni gari. Nimekwenda tena na tena. Jibu ni hilo hilo, na jicho halisubiri.

Nikadhani labda anachukia kukaa mbele karibu na kioo. Ndipo nilipokwenda kwa Safari, juzi Alhamisi, na hapa dada ndipo ninapotaka usimame nami.

Gari halikuja na viti viwili tu. Lilikuja na kiti cha nyuma, cha kukunja, cha watu watatu, kizima kabisa, kina kiraka kimoja tu cha ngozi upande wa kushoto. Nilimwambia Safari akifungue kabla sijalipeleka nyumbani. Alinibishia, akasema kikikunjwa hakizuii mzigo. Nikamwambia gari ni langu. Akakifungua, akakiweka pale gereji chini ya mwembe wa jirani, kikawa benchi la wateja.

Nilipomwambia juzi akirudishe, alifurahi, akasema Mama atakipenda, maana alikwisha kikalia. Nikamuuliza lini. Akasema siku chache baada ya Pasaka Mama alishuka Masasi peke yake kwa basi, akaulizia gereji ya fundi wangu mpaka akafika. Alitaka nimwongoze hospitali, alisema huko foleni nyingi na hajui pa kuanzia. Mimi nilikuwa Newala. Safari akamkaribisha kwenye kile kiti asubiri, na kwa kumfurahisha mgeni akamwambia, Mama, hapo umekalia kiti cha gari la mwanao. Mama akauliza kama kilivunjika. Safari, ambaye hajui kusema uongo hata wa heshima, akajibu hapana, kizima, ila Gasper hakukitaka.

Anasema Mama alikipapasa kile kiraka. Kisha akasema hatasubiri, njaa ya kuku wake itamsumbua. Hospitali hakwenda. Safari alimsindikiza stendi, na Mama akamwomba amsomee jina la basi la Newala, eti miwani ameisahau nyumbani.

Dada, Mama hajapata kuwa na miwani maisha yake yote.

Alirudi Chilangala jioni ile na kuanza kusema magari yanamchefua. Alikuwa ananifunika mimi. Watu wasije kuuliza kwa nini mtoto wake anapita na vumbi lake bila kusimama, aliona heri aseme yeye ndiye anayekataa. Na mimi niliposikia nikafurahi. Nimekaa na jambo hilo tangu juzi, na Sijaona ameacha kuniuliza nina nini.

Jana nilipeleka gari likiwa na kiti. Wanawake walikuwa uani wanachambua kunde. Mama aliingiza mkono mlangoni, akapapasa mpaka akakuta kiraka. Akasema, kimerudi. Nikamsihi apande. Akanivuta pembeni akaniambia polepole kwamba akipanda leo, mbele ya hawa wote, watajua alikuwa anasema uongo, na watauliza uongo huo ulikuwa wa nani. Akasema yeye ni mzee, lakini mimi bado nitaishi na watu hawa.

Sasa unajua kwa nini hajapelekwa hospitali. Kesho jumuiya inasali uani kwa Mama. Nitasema mimi mwenyewe. Usimpigie kabla.

Jumatatu, hospitalini

Dada, nimeongeza karatasi. Christopher anaondoka mchana, nami niko kwenye benchi nje ya chumba cha macho, Mama yuko ndani.

Jana nilisimama baada ya sala. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema tu kwamba Mama hatapiki kwenye gari wala hajapata kutapika, na kwamba gari langu lilikuwa na kiti nikakitoa ili nisimbebe mtu, na huyo mtu akawa mama yangu. Mwanaisha naye alikuwepo, maana uani kwa Mama hawaji watu wa dini moja tu. Ndiye aliyenijibu. Akasema wao walijua. Siku ile baada ya Pasaka alimpokea Mama kituoni, Mama akishuka kwenye basi na maandazi mkononi anatafuna. Walinyamaza kwa heshima ya Mama. Kwamba ni kwa heshima yangu pia, hilo hakulisema. Hakuna aliyenitukana, na heri mmoja angenitukana.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Aliinuka, akaingia ndani, nikajua amekasirika. Akatoka amevaa kanga ya harusi yako.

Tumeondoka leo alfajiri. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, lakini alitaka kile cha nyuma, akakaa kushoto kwenye kiraka. Dirisha likawa upande wa jicho lililokufa. Nilimwambia asogee kulia, akasema ameshakaa. Njia nzima ananiuliza tumefika wapi, hapo kuna nini, mikorosho ya nani hiyo inanukia maua hivyo. Nikawa namsimulia. Tulipoanza kuteremka na majabali ya Masasi yakatokea, akaniambia hayo nisimsimulie, hayo anayakumbuka. Nilitamani sana kulia nikaogopa kona.

Daktari amekwisha nieleza kwamba watajaribu kulishika lililobaki. Amesema wangemwona wakati wa Pasaka pengine wangeshika yote mawili. Hakujua anamwambia nani. Ninakuandikia ili ulijue kutoka kwangu, na ukinikasirikia nitaona ni haki yako.

Ukipata nafasi njoo, hata wiki moja, Mama atakuwa anahitaji mtu wa kumtilia dawa. Nitakuja kukupokea stendi, pa kukaa pamepatikana. Msalimu shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja kwa jina, na majirani wote wanaonikumbuka.

Mama ametoka sasa hivi, amefungwa bandeji, anakusalimu sana. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri, kisha amesema nikwambie kwamba njiani hakutapika.

Ni mimi mdogo wako,
Gasper