Supachaja ya Baba Watoto

Mwenzangu, pikapu imekufa. Imekufa kabisa!

Si unakumbuka mume wangu alivyoniapia kwamba akiifunga ile supachaja, injini itapata nguvu za ajabu? Basi kaifunga, na leo tumepakia makochi ya mteja, tukafika kwenye kilima, akaniambia, "Jishikilie, mama watoto, uone raha." Akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likapiga kishindo, moshi ukatufunika.

Fundi wa magari tuliyemwita kafungua boneti, katikisa kichwa. "Injini imepasuka, dada. Hii ni ya kubeba mizigo, si ya mashindano."

Imepasuka! Na karakana yetu nzima ya makochi inategemea gari hilo hilo.

Nimekaa kwenye kochi la mteja hapa kando ya barabara, nakupigia simu huku nalia. Mume wangu anamuuliza fundi kama injini mpya itakubali supachaja kubwa zaidi.