Mwandiko wa Fundi

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi nakuletea, wewe na shemeji na wanangu wawili, pamoja na yule mchanga ambaye bado sijamwona hata jino. Natumaini mafua yake yamekwisha na kwamba na wewe sasa unapata usingizi. Ukitaka kujua hali zetu, sisi tu wazima. Mama mgongo unamsumbua lakini hakubali, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama kazi zake utazifanya wewe. Baba macho yamezidi kufifia. Hata maandishi makubwa ya ukutani hayaoni tena, ila masikio yake, dada, yanasikia hata mtu akikunja uso.

Barua yako tuliipata Jumanne. Nilimsomea Baba sebuleni kama kawaida, Mama yuko pembeni anapiga pasi. Tulicheka sana pale ulipoeleza shemeji alivyoupaka mlango rangi akajifungia nje na brashi mkononi. Kisha nikafika uliposema umepata mpangaji wa chumba cha uani, fundi cherehani, mwanamke mpole, anayekata kitambaa kwa mkono wa kushoto na mwenye kovu la pasi karibu na kiwiko, na kwamba watoto hawabanduki kwake. Ukasema anapenda kukuuliza habari za nyumbani, na si mara moja ameuliza kama mdogo wako huwa anakuja kukutembelea. Hapo nikasita. Ningeuruka mstari huo nikaenda kwenye salamu, nani angejua? Lakini nilisita, na Baba akanyoosha mkono, akasema barua apewe Mama aendelee yeye. Mama alipofika kwenye kovu, wote wawili wakamjua ni nani.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Ile fupi ni ya Baba. Ametamka yeye, nimeandika mimi, Mama ameikagua. Anakuamuru umtoe huyo mwanamke siku hiyohiyo utakayoipata, uwaambie majirani sababu ili asipate chumba mtaa mzima, kisha umwandikie kwamba umetekeleza. Hii ndefu Mama hajaiona. Naiandikia stoo, nimekalia ndoo, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujafungua mlango wa uani.

Wewe uliolewa kabla fundi huyo hajaja kwetu kushonea kwaya majoho, kwa hiyo habari zake ulizipata kwenye barua za Mama, na Mama akitia chumvi hapimi. Ngoja nikueleze mimi. Unalikumbuka sanduku la maombi, lile la mlangoni mwa nyumba ya ibada. Watu wanaandika shida zao bila kutia jina, wanatumbukiza, na Baba anaziombea mbele ya wote. Macho yake yalipoharibika, kazi ya kulifungua ikawa yangu. Kila Jumamosi asubuhi najifungia ofisini, nazinakili karatasi zote kwa mwandiko wangu mmoja ili mtu asitambulike, kisha namsomea. Nimeijua miandiko ya waumini kuliko nyuso zao. Namjua anayemwombea mumewe apone, na namjua anayemwombea wake afe upesi.

Jumamosi moja nilikuwa kitandani na homa. Mama akalifungua sanduku yeye, na kwa kuwa wazee wa ibada walikuwa palepale wakisubiri kikao, akaanza kuwasomea kwa sauti. Karatasi ya nne haikuwa ombi. Mwandishi alimwambia mpenzi wake kwamba ameona amekonda, ale jamani, asimtie wasiwasi. Halafu akamsihi wahame, wapange chumba kimoja mji mwingine, kwani wanawake wawili wakiishi pamoja nani atawauliza, watu watadhani ni ndugu tu. Mama anasema mzee mmoja alitoka nje kutapika. Sijui kama ni kweli, lakini ndivyo anavyosimulia.

Jumapili Baba akamwita fundi mbele. Akatangaza kwamba amefunga na kuomba, na Mungu amemfunulia jina. Akamtaka amtaje huyo mwenzake, na akaahidi kwamba akimtaja, yeye mwenyewe atasamehewa na kazi yake ataendelea nayo. Fundi akajibu kwamba hakuna mtu, aliandika ujinga wake peke yake. Akaulizwa tena. Mke wa mzee mmoja akamvua kitambaa cha kichwa mbele ya watu wote. Akabaki na jibu lilelile. Ndipo Baba akatuamuru sisi wanakwaya tuyavue majoho aliyotushonea na kuyatupa miguuni pake. Tulikuwa kumi na wanne. Langu nililitupa kwa nguvu likampiga usoni, na Mama alinisifu njia nzima tukirudi nyumbani.

Unajua alifanya nini? Alipiga magoti akaanza kuyakunja, moja baada ya jingine, mikono ndani, kola juu, kama anayaandaa kwa mteja. Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, dada. Alipotolewa nje alikuta cherehani yake imeshatupwa barabarani, imevunjika mguu.

Sasa nisikilize. Baba hakufunuliwa kitu. Jumamosi ile alikuja chumbani kwangu akipapasa ukuta, karatasi mkononi, akafunga mlango, akaniuliza mwandiko ni wa nani. Hakunitisha wala hakuuliza mara mbili. Ningesema siujui. Ningesema homa imenitia kiwi. Nilimtaja hata kabla hajakaa, nikaongeza uongo kwamba bila shaka aliichanganya na ombi lake la kweli. Baba akaniwekea mkono kichwani akanibariki.

Nilimtaja kwa sababu karatasi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekonda. Mwaka mzima na miezi minne alikuwa akiniandikia kupitia sanduku lile, kwa sababu alijua hakuna mwingine anayelifungua, na homa yangu hakuwa na habari nayo. Baba angetulia kidogo tu, angejiuliza mtu anamwandikiaje mpenzi wake kupitia sanduku ambalo ufunguo wake ninao mimi. Nikawahi kumpa jina kabla hajaanza kuwaza. Nampenda yule mwanamke, dada, sijawahi kumpenda mtu namna hiyo, na nilimtoa kafara kwa pumzi moja.

Na kwako hakuja kwa bahati. Nilimsimulia habari zako siku tulizokuwa tukijifanya tunapima joho. Nilimwambia siku nikitoroka nyumbani nitaanzia kwa dada. Amekaa hapo uani ananisubiri.

Najua wewe ni mtoto wa Baba kuliko mimi. Huenda sasa hivi unatamani kunawa mikono kwa kuishika barua hii. Nichukie, ni haki yako. Ninachoomba ni umwache kwenye chumba chake na umwandikie Baba kwamba umemfukuza. Kama uongo huo utakushinda, basi mtoe kimyakimya, usiwaambie majirani, apate pa kuiweka cherehani yake.

Mimi siji. Baba amenipatia mchumba, yule katibu wa wazee, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wanne. Harusi ni mwezi ujao. Hakuna aliyenilazimisha. Niliulizwa nikasema ndiyo.

Mwambie fundi naolewa, aache kusubiri. Mwambie lile joho nililitupa kwa woga. Akitaka kujua kama nakula, mwambie nakula. Lakini kwamba jina lake lilitoka kinywani mwangu, hilo usimwambie kamwe, hata akikuuliza, hata ukimkasirikia. Yeye anaamini ni Mungu aliyemtaja. Mwache amlaumu Mungu.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anasema ukija harusini usisahau kumfunika mtoto kichwa, njiani kuna vumbi. Karatasi hii ukiimaliza ichome, ile ya Baba itunze, maana akija atataka asomewe.

Wasalaam,

Ni mimi mdogo wako.