Mfalme wa Fittja na Ufunguo wa Chumba cha Watoto

Fittja, Stockholm,
Uswidi.
27 Januari 2019

Mpendwa Shangazi Dancille,

Shikamoo shangazi. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Natacha akuletee ilikufikia, au aliimaliza yeye njiani? Na nyumba uliyokuwa unaezeka hapo Kasulu, mvua ya mwaka mpya haikuiharibu? Nakuwaza sana, hasa Jumapili.

Sisi tu wazima. Mjukuu wako Yvan amekua, viatu vya Oktoba havimwingii tena, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Baba yake bado yuko kaskazini mgodini, anakuja mara moja kwa mwezi, na akija analala kama gunia la mihogo. Baridi inauma meno, lakini ndani kuna joto, tunashukuru.

Uliniuliza kwenye simu, kabla haijakatika, nchi yenye mfalme inakaaje tangu Septemba hadi Januari bila serikali mpya. Ulisema mwami wetu wa zamani angewaita wote uwanjani na mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Shangazi, hata mimi nilishangaa. Walipiga kura, hakuna upande uliopata nusu, na tangu hapo ni watu wazima wenye suti kununiana kama wake wenza. Huyu hakai meza moja na yule, yule hapokei salamu ya huyu. Nikifagia pale ofisini nawaona kwenye televisheni, wanatoka mlango huu wanaingia ule, sura zile zile. Niliwadharau, Mungu anisamehe.

Kumbe nilikuwa nacheka kilema cha jirani na changu kiko nyumbani.

Unakumbuka nilikuambia tuna umoja wetu hapa, Warundi, Watanzania na Wakongo kidogo. Umoja huo ndio uliopewa chumba chini ya jengo letu. Sisi akina mama tunaoanza kazi alfajiri tunawalaza watoto humo, mmoja wetu anabaki nao kwa zamu, chekechea ikifunguliwa anawapeleka. Bila chumba hicho mimi sina kazi, ndivyo ilivyo. Sasa wenye nyumba hutoa ufunguo kwa mwenyekiti tu, na mwenyekiti wetu alihamia Norwe. Oktoba tukapiga kura. Waligombea watatu: Eliakim alipata watu wake, jamaa aitwaye Januari akapata wake, mama Clementina akapata sisi akina mama. Hakuna aliyefika nusu, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Eliakim alisema hawezi kukaa chini ya Januari hata kwenye basi.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Herménégilde. Humjui, shangazi, na hujapoteza kitu. Babu yake alikuwa akimbebea mwami kigoda, basi kila harusi lazima tukisikie hicho kigoda. Akakohoa, akasema, "Tulieni wanangu. Hata hapa Uswidi uchaguzi ukikwama, mfalme humwita mtu mmoja akamwambia, nenda uunde serikali. Mkubwa wenu hapa ni mimi. Nitaita mtu." Tukampigia makofi, wajinga sisi. Wengi tunatoka kwenye makabila ya mwami, neno la mfalme halitusumbui kulimeza.

Shangazi, hakuita mtu. Kwani angeita kwa nini, wakati anaendewa? Eliakim alimpelekea samaki wa kukaanga. Januari, na tumbo lake lile, alikuwa anamkwangulia theluji kwenye gari. Mzee anawapokea kwa kitambaa cha mezani, anasikiliza, anasema bado anapima. Alipima hadi akanenepa. Nikimuuliza ananiambia, "Mama Yvan, mambo ya ufalme hayaharakishwi na mwanamke mwenye ndoo."

Mwaka mpya ulipoingia wenye nyumba, waliokuwa wametuvumilia na ufunguo wa zamani, wakafunga chumba. Wakasema kama hadi mwisho wa mwezi hakuna mwenyekiti, watawekamo baiskeli. Nikaanza kwenda na Yvan kazini. Nilimlaza kwenye stoo ya mifagio, juu ya koti langu, na anavyolala mtoto yule, ngumi chini ya shavu, ungelia. Msimamizi alinikuta mara ya kwanza akapita zake. Mara ya pili akaniambia kwa upole, na upole wao ndio unaotisha, kwamba nikirudia nisirudi tena. Nilitoka pale nimembeba Yvan, sioni njia.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tukakutana wote. Mzee kaja na koti lake refu, kakaa mbele, anasema bado anapima. Ndipo Brigitha akanyoosha mkono. Huyu ni Mtanzania, alikuja kusoma, sasa yuko benki, mtu wa maneno machache.

"Mzee, samahani. Mfalme wa hapa haiti mtu. Kazi hiyo walishamwondolea mimi sijazaliwa. Anayeita ni spika wa bunge."

"Unanifundisha ufalme, binti?"

"Sikufundishi, mzee. Nakupa habari."

"Sasa yeye kazi yake nini?" Mzee akauliza, na sauti imeshapungua.

"Anafungua bunge. Na kesho serikali mpya inakwenda kwake ikulu, anatamka kwamba imebadilika. Basi, wanapiga picha."

Watu walicheka hadi watoto wakaamka. Mimi sikucheka, nilikuwa na langu. Ijumaa nilikuwa nimeona kwenye televisheni kura ya waziri mkuu, wengi wamekaa tu, hawasemi ndiyo wala hapana, nikadhani wamechoka. Nikamuuliza Brigitha amepitaje huyu, maana waliomkataa naona ni wengi kuliko waliomtaka. Akanieleza kwamba hapa hawaulizi nani anamtaka. Wanamhesabu anayemkataa, na wanaomkataa wasipozidi nusu ya bunge zima, anapita.

Shangazi, nilisimama na mtoto mgongoni. Nikasema, "Basi na sisi tuulizane hivyo. Asiyemtaka mama Clementina anyooshe mkono, na mkewe amwone."

Ungewaona. Wanaume waliokuwa simba tangu Oktoba wakaanza kukagua viatu vyao. Wake zao wamekaa pembeni, na watoto wao ndio wale wale wa chumba. Jirani yangu alimwambia mumewe, "Nyoosha tu, baba. Ila chakula cha leo umeshakula?" Mkono ukarudi mfukoni. Mwishowe walinyoosha Eliakim, Januari na makapera wawili wasiojua mtoto analala wapi. Mama Clementina akapita, na hata hakuna aliyelazimika kusema anampenda.

Mzee alibaki amekaa, uso umemwanguka, nikamwonea huruma kidogo, kidogo tu. Mama Clementina akamwambia, "Mzee, tutamkie kwamba imebadilika." Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatamka kwa sauti ya ngoma. Tukampiga picha. Tangu siku hiyo anawaambia watu wa mitaa ya Hallonbergen na Akalla kwamba fikra ilikuwa yake. Mwache. Tumeamua kila mkutano awekewe kiti mbele na chai yenye maziwa, afungue, afunge, arudi nyumbani. Hajawahi kuwa na furaha hivi, wala hajawahi kutudhuru kidogo hivi.

Jumatano mama Clementina alinipa ufunguo, nikafungua chumba mwenyewe. Magodoro yalikuwa na baridi, nikayageuza, nikamlaza Yvan. Akafumbua jicho moja akaniuliza kwa Kiswidi chake, nani mkubwa hapa, yule babu wa koti? Nikamwambia hapana mwanangu, yule tunampigia makofi. Mwenye ufunguo ni mama Clementina. Akaweka ngumi chini ya shavu. Nikamwacha na mama wa zamu, nikaenda kazini mikono mitupu, shangazi, na nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo myepesi.

Nisalimie Natacha na wanawe, mjomba Egide na goti lake, na bibi wa jirani anayekuchotea maji. Waambie kiangazi tukijaliwa tutakuja watatu. Mungu akulinde, akupe usingizi usio na maumivu na paa lisilovuja.

Ni mimi mwanao wa mbali, akupendaye kila siku,

Raïssa, mama Yvan