Sababu Nyingine za Baba

Kilima cha Cordillera,
Valparaíso, Chile.
10 Agosti 2016.

Mpendwa kaka Eliseo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Kerstin na mtoto Nils, na kwamba lile goti lako limepoa. Huku mvua haijakatika wiki nzima na nguo hazikauki, lakini mimi na watoto hatujambo.

Kuhusu Baba nimeona niandike, maana kwenye simu tunaishia kugombana, na yeye hukaa karibu akisikiliza. Wiki iliyopita uliniambia ninayakuza mambo, eti umemwuliza mwenyewe akakuhakikishia kwamba kifua hakimbani tena. Nilikukatia simu kwa hasira, na sikuombi radhi. Unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka, na unafurahia.

Jana nilimpeleka kliniki ya moyo. Unajua yuko kwenye orodha ya kuzibuliwa mshipa, na zamu yake inategemea anavyoumwa. Muuguzi, dada mmoja mpole aitwaye Ivonne, alikuwa na fomu ya maswali. Katika wiki nne zilizopita, kifua kimekuzuia kiasi gani kuvaa nguo, kutembea, kupanda ngazi, kubeba mzigo? Kila swali lina visanduku vyake vya kutia alama, na cha mwisho kinasema kwamba jambo hilo hukulifanya kwa sababu nyingine.

Baba alikipenda hicho kisanduku. Kupanda ngazi? Sababu nyingine, siku hizi anapanda teksi ya kuchangia. Kubeba mzigo? Sababu nyingine, amestaafu. Mtu aliyebeba mitungi ya gesi begani kwenye vilima hivi miaka thelathini na moja, anasema hivyo bila hata kupepesa jicho. Maumivu? Hata mara moja. Kidonge cha chini ya ulimi? Hajakigusa. Daktari akaipitia fomu, akampongeza, akamrudisha kwa wale wanaoweza kusubiri hadi mwakani.

Na ni kweli haumwi, Eliseo. Haumwi kwa sababu hafanyi kitu. Rayuela hachezi tena. Kurusha visahani vya chuma, anasema, ni mchezo wa walevi. Kuoga anaoga ameketi. Tukipanda ngazi za mtaani, kila baada ya kumi anasimama kutazama meli bandarini, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kujali meli. Nikimwuliza kulikoni, ananiambia, "Acha haraka, mwanangu. Ile pale ina bendera nisiyoijua." Inachosha, kaka. Nashindwa kumkemea na nashindwa kunyamaza.

Tulipofika mlangoni tukiondoka yalinifika shingoni, nikamweleza Ivonne yote mbele ya Baba. Baba aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Ivonne hakubishana. Alimketisha tena, akaiweka fomu kando, akamwuliza, "Don Baudilio, kitu gani ulikuwa ukikipenda na sasa umekiacha?"

Baba aliizungusha kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Kwa Rosenda. Sijafika tangu Mei."

Kaka, kila Jumapili anatoka hapa na maua ya kaburini kwa Mama. Akirudi anatuambia kaburi amelisugua na maji ya maua ameyabadilisha. Kumbe anaishia chini ya ngazi za makaburini, anamwachia maua mwanamke anayeuza pale ayapeleke juu, anakaa kwenye benchi saa nzima, halafu anarudi kutudanganya. Nililia pale pale kliniki, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huruma.

Ivonne yuko tayari kumwuliza upya tarehe 22 Septemba, lakini lazima Baba aseme kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa amegoma. Njiani alinishika mkono. "Ukimwambia kaka yako atakuja mbio na kazi yake itapotea," akasema. "Niapie." Nikaapa, na leo nakuandikia. Mungu anisamehe.

Basi usije. Mpigie simu siku ya Jumapili. Usimwulize kama anaumwa, jibu la hilo analo tayari mfukoni. Mwulize kama amefika kwa Mama. Akinyamaza, usimsaidie kutafuta neno, na usibadilishe mazungumzo kama unavyofanya siku zote. Subiri.

Nisalimie wifi na umbusu Nils. Shangazi Fresia anakusalimu sana, na watoto wangu wanauliza kama kweli huko jua halizami. Mungu akukinge na baridi ya ugenini, na atujalie tuonane tukiwa wote bado tupo.

Baba amepita hapa mezani sasa hivi. Amedhani naandika salamu tu, akaniagiza nikuambie kwamba yeye hajambo kabisa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika,

Nelda